Kundi moja, makundi ya kasi au mtindo wa kona: klabu yenu ya baiskeli iongozwe vipi wikiendi?

Klabu ya baiskeli ya kujitolea ikishavuka watu ishirini hivi, ugomvi wa namna moja lazima uingie kwenye grupu la WhatsApp, na mara nyingi unaingia Jumapili mchana watu wakiwa wameshaoga na kupumzika. Waliokuwa mbele wanalalamika wamesimamishwa juani kila baada ya kilomita tano, waliokuwa nyuma wanalalamika wameachwa Boko hawajui njia wala hawana tyubu, na yule aliyejitolea kuongoza yuko kimya tu maana amechoka kuliko wote. Hapo ndo mmoja anaandika "tugawane kwa kasi", mwingine anajibu "mkigawana klabu inakufa", na wiki inayofuata mnatoka vilevile.

Mifano yangu mingi ni ya Dar maana ndo barabara ninazozijua, ila mtu wa Mwanza, Arusha, Mombasa au Nairobi atabadilisha majina ya barabara tu, mengine yanabaki yaleyale. Mitindo ninayoilinganisha ni mitatu: kundi moja lisiloacha mtu, makundi yaliyogawanywa kwa kasi, na mtindo wa kona ambao wengi hawaujui na nadhani unastahili kujulikana zaidi.

Tunaangalia nini

Cha kwanza na kizito kuliko vyote ni watu wa kujitolea, na hapa simaanishi majina yaliyoko kwenye grupu, namaanisha wale ambao saa kumi na moja na nusu alfajiri watakuwa pale mnapokutania, wana pampu, wana tyubu ya akiba, na wako tayari kuendesha raidi, yaani safari ya pamoja, kwa kasi ambayo sio yao. Hao wahesabuni kwanza kabla ya kuhesabu baiskeli.

Cha pili ni barabara yenyewe, ina malori au haina, ina kona nyingi au imenyooka. Cha tatu ni mgeni, yaani mtu aliyekuja mara ya kwanza, je atarudi? Cha nne ni mwenye kutaka mazoezi, maana huyu naye ni mwanachama na ana haki yake. Cha tano ni mambo yakiharibika: pancha, cheni kukatika, mtu kuanguka, mvua ya masika kuwakuta katikati ya pori.

Kundi moja, haachwi mtu

Kapteni yuko mbele, nyuma kabisa yuko mtu wa mkia, na hakuna anayempita kapteni wala anayebaki nyuma ya mkia. Mkizidi kumi na tano inafaa kuwa na mtu wa tatu wa kupanda na kushuka katikati akipeleka habari. Kasi ni ya yule wa taratibu kuliko wote. Raidi za Critical Mass zilizoanza San Francisco mwaka 1992, na ambazo Nairobi nao wanayo yao, zina roho hiyohiyo ya watu wengi kwenda pamoja polepole, tofauti ni kwamba wao wanataka kuonekana barabarani na klabu ya kawaida inataka tu watu wafike na kurudi.

*Watu wa kujitolea.* Wawili wanatosha, ndo uzuri wake mkubwa. Ila jamani, mkia msimpe mtu dhaifu kwa sababu "si atakuwa nyuma tu". Mkia ndo anayebaki na mwenye pancha, akimaliza kuziba anatakiwa amvute yule mtu mpaka wawakute wenzao, kwa hiyo anahitaji miguu, anahitaji vifaa, na anahitaji moyo wa kuongea na mtu aliyekata tamaa. Mara nyingi kazi yake ni ngumu kuliko ya kapteni.

*Barabara.* Hapa ndo pa kufikiria vizuri. Chukua watu 30 kwenye mstari mmoja, kila baiskeli ina karibu mita moja na nusu mpaka mbili, weka nafasi ya mita moja kati ya mtu na mtu, tayari una mstari wa zaidi ya mita 80. Dereva wa semi-trela kwenye barabara ya Morogoro kule kuanzia Kibaha kwenda Mlandizi hawezi kuupita mstari huo kwa mara moja kama mbele kunakuja basi la mkoani, atajaribu, akiona basi limekaribia atarudi kushoto, na kushoto ndo kuna nyie. Kwa hiyo kundi moja kubwa kwenye barabara kuu ya malori mimi siliafiki. Lakini mitaa ya Mikocheni, Masaki na Oysterbay asubuhi ya Jumapili, kisha mkatoka kwa Daraja la Tanzanite mpaka Ocean Road, ni raha tupu na ni salama.

Kuna na hili la matuta. Kapteni akivuka tuta anaongeza mwendo papo hapo, wa pili naye, wa tatu naye, mpaka ikifika kwa mtu wa ishirini na tano ni lazima akimbize kama yuko kwenye mashindano ili tu asiachwe, na kwenye barabara yenye matuta kila baada ya mita mia tatu huyo mtu atakuwa amekwisha kabla ya nusu ya safari. Watu wanasema "fulani ni mzito", wakati fulani kaendesha kwa nguvu kuliko kapteni. Dawa yake ni rahisi, kapteni akishuka kwenye tuta apige pedali za taratibu mpaka asikie mkia amepaza sauti "Tumekamilika!", ujumbe ukapokezwa mtu kwa mtu hadi mbele, ndo aongeze. Kwenye taa ni hivyohivyo, zikiwakata katikati waliovuka wasonge taratibu mpaka pa kusimama penye nafasi. Kusimamisha magari kwenye makutano sio kazi yenu, ni ya trafiki, mkiwa wengi sana ongeeni nao kabla.

*Mgeni.* Hakuna mtindo unaomfaa mgeni kuliko huu. Anajua hataachwa, anapata mtu wa kuongea naye, anaona wenzake wanavyonyoosha mkono kuonyesha shimo, anajifunza bila darasa.

*Mwenye kutaka mazoezi.* Atachoka roho. Unaweza kumtuliza kwa kuweka kipande cha uhuru, kwa mfano mkipanda vilima vya Pugu kwenda Kisarawe kila mtu apande kwa nguvu zake, wa kwanza wawasubiri wa mwisho juu. Hapo kila mtu anapata alichofuata na hakuna anayepotea.

*Mambo yakiharibika.* Wote mnasimama, na watu 30 kusimama pembeni ya lami ni hatari kuliko pancha yenyewe. Sogeeni mpaka sheli au uwanja wowote, mkia abaki na mwenye shida na mtu mmoja zaidi.

Makundi ya kasi

Mnatoka mahali pamoja, njia moja au njia zinazokaribiana, lakini mmegawanyika A (wa kasi zaidi), B na C (wa taratibu), kila kundi na kapteni wake na mkia wake.

*Watu wa kujitolea.* Makundi matatu ni viongozi sita, kila wiki. Sita! Mmoja ana msiba, mmoja kasafiri kikazi, mmoja mtoto anaumwa, na ghafla kundi C halina mwenyewe. Nimeona ni C daima linalokosa kiongozi, kwa sababu wenye uwezo wa kuongoza ni wale wanaopenda kuwa A. Sasa maoni yangu ni haya na nitayasimamia: kiongozi akikosekana, atolewe A apelekwe C, wala isiwe kinyume. Watu wa A wanajua njia, wana vifaa, wana miguu ya kurudi nyumbani. Wa C wengine hata tairi hawajawahi kulitoa kwenye rimu. Kama A hawakubali kutoa mtu hata mmoja kwa zamu, basi klabu hiyo bado haijawa tayari kwa mtindo huu.

*Barabara.* Ni bora kuliko kundi moja kwenye barabara kuu. Watu kumi kwenye mstari hawafiki mita 30, lori linawapita mara moja likaenda zake. Achaneni kama dakika tano kati ya kundi na kundi, vinginevyo mkikutana kwenye tuta la kwanza mtakuwa tena mstari mrefu uleule mlioukimbia.

Nani atangulie? Hapa watu hubishana sana na pande zote mbili zina hoja. Wa kasi wakitangulia hakuna kundi litakalolipita lingine barabarani, na kupitana makundi kwa makundi huku bajaji na bodaboda ziko katikati ni jambo la kuogopesha, ila wa C wakipata tatizo nyuma yao hakuna mtu. Wa taratibu wakitangulia mnafika pamoja kwenye supu, na A wakiwa nyuma ni kama gari la msaada kwa wote, ila huko kupitana hakukwepeki. Mimi kwenye njia ya Bagamoyo ningewatanguliza wa kasi, kwenye njia tulivu ya Kigamboni kuelekea Kimbiji ningewatanguliza wa taratibu.

*Mgeni.* Inategemea na mnavyoandika tangazo. Msiandike "wazoefu" na "wanaoanza", maana kila mtu anajiona mzoefu. Andikeni namba, na mseme ni namba ya nini, kwa sababu "28 kwa saa" (kilomita) ya kwenye lami iliyonyooka na "28 kwa saa" ya wastani wa safari nzima ni vitu viwili tofauti kabisa. Kundi linalokwenda 28 kwenye tambarare, ukiweka matuta, taa na foleni ya Tegeta, wastani wake utakuwa chini sana ya hapo. Mgeni anasoma 28, anajipima peke yake jioni mtaani kwao anaona naweza, kumbe anaongelea kitu kingine. Na kanuni moja ya kirafiki: anayekuja mara ya kwanza anaanza kundi moja chini ya lile alilojichagulia, akiona ni jepesi wiki ijayo anapanda. Kupanda hakumuumizi mtu, kushushwa kunaumiza.

*Mwenye kutaka mazoezi.* Hapa ndo kwake. Watu wa kasi moja wanaweza kupokezana mbele, mmoja anakata upepo wengine wamejificha nyuma yake, na ukishafika 30 kwa saa na kuendelea aliye nyuma anaokoa kama robo ya nguvu zake au zaidi. Kwenye kundi mchanganyiko hilo halifanyiki kwa usalama.

*Mambo yakiharibika.* Pancha ya watu kumi inakwisha haraka maana pa kusimama panapatikana. Tatizo ni habari: A wako Zinga wanakunywa madafu, C mtu kaanguka pale Mpiji, hakuna anayejua. Kwa hiyo makapteni wote watatu wawe na namba za wenzao, simu zenye chaji, zenye sauti, na kituo kimoja kinachojulikana ambapo hakuna kundi linaloondoka mpaka litokee lingine au ipigwe simu.

Mtindo wa kona

Huu unatumika sana na klabu za pikipiki nchi mbalimbali, na kwa baiskeli unafanya kazi vizurii kama utaelezwa vizuri. Kapteni mbele, mkia nyuma, hao hawabadiliki. Katikati kila mtu anaenda kwa kasi yake. Kila mnapofika mahali njia inapobadilika, yule aliye wa pili nyuma ya kapteni anasimama hapo pembeni penye usalama, anawaonyesha wenzake wote njia, hatoki mpaka amwone mkia. Akimwona mkia, anaingia mbele yake na kuendelea, sasa yeye ni wa mwisho kwenye mstari na anaanza kupanda tena kidogo kidogo. Kona inayofuata ni zamu ya mwingine.

*Watu wa kujitolea.* Viongozi rasmi ni wawili kama kundi moja, ila kazi inagawanyika kwa kila mtu, na kwa klabu ambayo watu walewale watatu ndo wanabeba kila kitu hii ni nafuu kubwa sana. Gharama yake ni maelezo: dakika tano kabla ya kutoka, kila wiki, hata kama wote mnadhani mnajua. Mkia avae kitu kisichofanana na cha mwingine yeyote, vesti ya rangi ya chungwa kwa mfano, na kila mtu amwone kabla hamjaondoka.

*Barabara.* Njia yenye kona nyingi ndo mahali pake. Mbezi mpaka Goba, Madale, Wazo, mkatokea Tegeta, au zile barabara za vumbi za Kigamboni ambazo kila mnazi unafanana na mwingine. Kwa Tegeta kwenda Bagamoyo hauna maana, barabara ni moja, mtu wa kumwonyesha njia anamwonyesha nini? Na mkiwa wachache kwenye njia ya kona nyingi mfululizo watu wanakwisha, kapteni anageuka nyuma anajikuta peke yake. Hapo asimame mpaka watu wajazane tena, asijidai kuendelea. Chini ya watu kumi na mbili hivi mimi nisingeutumia.

*Mgeni.* Hapotei, lakini atakuwa mpweke, vipande virefu anaendesha peke yake. Mkia ndo rafiki yake siku hiyo. Na msimweke mgeni kona peke yake, hata msiweke mtu yeyote peke yake sehemu mnazozijua sio nzuri, wekeni wawili, simu zibaki mfukoni. Kwa akina dada hili naona liwe sheria ya klabu, isiwe jambo la kuomba.

*Mwenye kutaka mazoezi.* Anapata nusu. Anaweza kukimbia mpaka kwa kapteni na hapo ndo mwisho, kwa hiyo kapteni awe mwepesi kiasi.

*Mambo yakiharibika.* Uzuri ni kwamba kila mwenye tatizo lazima mkia amfikie. Ubaya ni kwamba mkia akikwama nusu saa na cheni ya mtu, kuna watu wamesimama kona tatu tofauti juani hawajui kinachoendelea. Mmoja akichoka akaondoka, waliobaki nyuma wanapita moja kwa moja na ndo wamepotea, mtindo mzima unaanguka kwa mtu mmoja. Kubalianeni: ukisimama zaidi ya dakika ishirini mpigie mkia, na usiondoke mpaka akwambie ondoka.

Kuna na mtindo wa nne ambao siuweki kwenye mizani, ule wa kutumiana njia kwenye simu kila mtu ajipeleke. Hiyo ndo roho ya brevet, zile safari za masafa marefu zenye muda maalum wa kumaliza, kwa mfano kilomita 200 ndani ya saa 13 na nusu, unapita vituo kugongewa muhuri na kujihudumia mwenyewe. Ni mzuri kwa watu waliokomaa, ila kiongozi hapo hana cha kuongoza.

Yasiyobadilika, mchague upi

Hesabuni watu mkitoka, mkifika kila kituo na mkirudi, kwa sauti. Kila mtu aandike jina na namba ya ndugu wa kupigiwa, orodha iwe na kapteni na mkia wote wawili. Helmeti bila mjadala. Ishara ziwe chache na ziwe zilezile: mkono chini kuonyesha shimo upande wake, kiganja juu kusimama, na sauti za "Tuta!" na "Gari nyuma!" zipokezwe, maana ukiiona ishara ukanyamaza aliye nyuma yako haioni. Na tokeni mapema, saa kumi na mbili kukianza kupambazuka mwe mmeshaanza kusogea, kwa sababu jua la Dar saa nne asubuhi linawamaliza hata watu wazima wenye mazoezi, chupa moja ya maji haitoshi.

Viongozi wapangiwe zamu ya mwezi mzima, mtu asiongoze wiki mbili mfululizo kama inawezekana. Anayejitolea naye anapenda baiskeli, mpeni Jumapili yake ya kuendesha tu.

Kwa hali yenu

Kama mko chini ya kumi na tano na viongozi wa uhakika ni wawili au watatu, kundi moja linawatosha na msijisumbue, chagueni tu njia zenye magari machache na kipande kimoja cha uhuru. Hivyohivyo kwa raidi ya kukaribisha wageni hata kama klabu ni kubwa, siku hiyo wenye kasi waje kusaidia.

Kama mmevuka ishirini na tano na njia zenu ni barabara kuu kama Bagamoyo au Morogoro, gawaneni kwa kasi, lakini anzeni na makundi mawili tu, sio matatu, muone kama viongozi wanne wanatokea kwa miezi miwili bila kubembelezana. Wakitokea ongezeni la tatu.

Kama mko ishirini mpaka arobaini, viongozi wachache, na njia zenu ni za kona na vumbi, jaribuni mtindo wa kona, mara ya kwanza kwenye njia fupi mnayoijua wote ili kosa likitokea lisimpoteze mtu. Unaweza hata kuchanganya, kona mpaka mtoke mjini, kisha makundi ya kasi barabara ikinyooka, ila kabadilishieni kituoni mkiwa mmehesabiana.

Kama ugomvi wenu ni wa wenye kasi na wasio na kasi tu, wapeni A Jumamosi yao wenyewe ya mazoezi, Jumapili ibaki ya wote.

Na Jumamosi usiku mkihesabu viongozi mkakuta wamepungua, badilisheni mtindo usiku huohuo na mtangaze kwenye grupu: "Kesho kundi moja, 20 kwa saa, njia ni Masaki na Daraja la Tanzanite, Bagamoyo tumeahirisha." Mwenye kutaka kasi ajue mapema ajipange, na yule anayekuja mara ya kwanza apigiwe simu kabisa, maana huenda hata kwenye grupu bado hajaingizwa.